Kikombe cha kumi: tulivyotaka kumsaidia mama wa uji tukaishia kumharibia

## Kabla ya yote

Kisa hiki kimetokea Dar es Salaam, Januari mpaka Aprili 2024, nje ya geti la hospitali moja kubwa ya rufaa. Hospitali siitaji. Mama mwenyewe nitamwita Mama T, na umri wake, mtaa anaokaa, upande wa geti na vitu vingine vidogovidogo nimevibadilisha makusudi. Nimemsomea yote kabla sijaitoa, akaniambia toa hapa na hapa, nimetoa. Naandika kama mtu aliyekosea, sio mtaalamu, na nawaandikia hasa vijana wa vikundi vya kujitolea, sisi ambao tukiona mtu mwema tu mkono unakimbilia kwenye simu.

## Mazingira

Mwanzoni mwa Januari mama yangu mdogo alilazwa pale, akakaa wiki sita, na mimi ndo nilikuwa napeleka chakula asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kama hujawahi kuuguza hospitali ya rufaa kuna kitu hukijui. Mgonjwa anakuja na rufaa yake kutoka mkoani, anapewa kitanda, ila yule ndugu aliyekuja naye hana kitanda popote. Mwenye shemeji Mbagala anaenda kulala kwa shemeji, asiye na mtu analala kwenye benchi, chini ya mwarobaini, kwenye baraza ya duka likishafungwa. Hela aliyokuja nayo ilikuwa ya kuchangiwa na ukoo, ikifika wiki ya pili imeshaliwa na vipimo na dawa, na bado mgonjwa anataka mtu wa kumfulia, wa kumlisha, wa kukimbizana na makaratasi. Kwahiyo unakuta mtu mzima, mwenye shamba na heshima yake kwao, yuko Dar anashindia maji mpaka jioni na ukimuuliza anakwambia ameshiba.

Mama T anauza uji hapo nje miaka kumi na kitu sasa. Wa ulezi na wa mchele wenye pilipili manga, kikombe shilingi 500. Vifaa vyake ni chupa kubwa za chai tatu, ndoo yenye mfuniko, vikombe vya plastiki kama 30 na mabeseni mawili, moja la sabuni moja la kusuuzia. Hayo mabeseni yakumbuke.

Nilinunua uji kwake siku kama nane bila kuona chochote. Siku ya tisa, saa kumi na mbili kasoro hivi, mbele yangu kuna mzee wa Kigoma, koti la suti la zamani, chini kandambili. Akanunua kikombe kimoja cha mgonjwa, kikamiminwa kwenye kichupa chake. Hela aliihesabu mara mbili kiganjani. Mama T akamuuliza, "Na wewe baba?" Mzee akasema mi nishakunywa mama. Saa kumi na mbili kasoro, amekunywa wapi? Mama T hakubishana. Akachota nusu kikombe akamnyooshea, "Hebu nionjee baba, leo sukari nimeibania, niambie kama unanyweka, hawa watoto wa mjini hawaniambiagi ukweli." Mzee akaonja, akatulia, akafikiri kabisa kama mtu aliyeombwa ushauri wa maana, akasema ongeza kidogo tu. Akaongeza, akamjazia kikombe, "ebu sasa". Mzee akamaliza chote amesimama.

Kesho yake akaombwa kuonja tena. Siku ya tatu Mama T akamwambia, "Baba leo mgongo hauniachii, nisaidie na hivyo vikombe." Mzee akakunja mikono ya koti, akachuchumaa kwenye yale mabeseni, akaosha. Kuanzia hapo alikuwa anakuja kabla hata foleni haijaanza, anaosha, anakunywa kama mtu aliyefanya kazi yake, anaondoka na cha mgonjwa.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huo 1962 alipokuwa anaeleza ujamaa. Mama T habari za 1962 sina hakika kama anazo. Jembe lake lilikuwa beseni.

Nikaanza kumchungulia. Kwa siku anauza vikombe 70 hivi, na hesabu yake (hii alikuja kuniambia mwenyewe baadaye sana) ni kwamba katika kila vikombe kumi kimoja si chake. Sio kwamba akiona huruma anatoa, hapana, kile cha kumi kishatolewa kwenye hesabu tangu alfajiri anapokoroga uji nyumbani, kama vile anavyotoa hela ya mkaa. Na mtu wa kumpa anamjua kwa kitu kimoja tu, anayenunua kimoja cha kupeleka wodini na yeye mwenyewe hanywi.

Kumbuka pia ilikuwa Januari 2024. Sukari ilikuwa imeadimika nchi nzima, mvua za El Nino zilikuwa zimevuruga uzalishaji viwandani, serikali ikatangaza bei elekezi lakini mtaani kilo ilikuwa elfu nne na kupanda huko, kama umeipata. Mwenye uji ndo mtu wa kwanza kuumia. Wenzake wengi walipandisha kikombe. Yeye alibaki 500 akapunguza sukari, ndo maana ile "nionjee" yake haikuwa uongo, ilikuwa kweli sukari ameibania.

Na hakuwa peke yake, hapo ndo nilipozidi kuchanganyikiwa. Kuna kijana ana kibanda cha kuchaji simu, kwa wenye wagonjwa mahututi hachukui hela, anasema "utalipa ukija kuchukua" halafu ukija anajifanya ana wateja wengi. Kuna mlinzi alikuwa anapokea mizigo ya watu wanaolala nje anaiweka nyuma ya kiti chake usiku kucha, na ukimshukuru anakasirika kidogo. Yani geti zima lilikuwa linaendeshwa na vitu ambavyo hakuna aliyevisema.

## Ilivyotokea

Jumamosi ya mwisho ya Januari nilimpiga Mama T picha kutoka ng'ambo ya barabara. Anamkabidhi mzee kikombe, moshi wa uji unapanda, jua ndo linachomoza, picha nzuri kweli. Nikaipost Instagram na kwenye status nikaandika habari yote, mzee wa Kigoma, sukari bei juu, uji wa bure, nikamalizia na namba yangu kwa atakayeguswa. Sikumuuliza yeye wala mzee. Nilisema nitamfanyia sapraizi.

Mpaka jioni akaunti moja yenye wafuasi wengi ilikuwa imeibeba. Simu ikaanza kuingia elfu mbili, elfu tano, elfu hamsini kutoka kwa Mtanzania yuko Muscat, elfu kumi kutoka kwa mtu aliyeandika tu "mama yangu alilala hapo nje 2016". Jumatano zilikuwa zimefika 2,340,000. Tukafungua kundi la WhatsApp, Timu Uji, watu 23, na mimi katika maisha yangu sijawahi kujiona mtu mzuri kama ile wiki.

Alhamisi ndo nikaenda kumwambia. Alikaa kimya. Akaniuliza, "Na yule baba anajua?" Nikamwambia atafurahi tu. Akasema haya mwanangu, nyie ndo mmesoma.

Ile "haya" niliihesabu ndio.

Jumatatu ya tarehe 5 Februari tukaanza. Tulinunua jiko la gesi, sufuria mbili kubwa za shughuli, kiroba cha unga, sukari ya kutafuta kwa tochi, vikombe vya karatasi vya kutupa, na fulana 15 zenye maandishi kifuani. Uji bure, saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, panga foleni. Mwenzetu mmoja kazi yake ilikuwa kupiga picha ili waliochanga waone hela yao.

Siku ya kwanza tulimaliza sufuria zote mbili, tukashangilia. Siku ya tatu kwenye foleni nikahesabu bodaboda, wanafunzi wa chuo, jamaa wawili wenye vitambulisho vya ofisi shingoni, na kina mama wa kliniki ambao kwao ni kituo cha pili tu cha daladala. Siwalaumu, uji wa bure nani anakataa. Ila mzee wa Kigoma sikumuona. Nikamkuta saa nne kwenye benchi kwa ndani, nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza mbona hukuja. Akasema, "Pale sasa hivi kuna watu wengi, mwanangu. Na kuna picha." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mjukuu wake wa Kasulu kampigia simu, kaona kwenye simu ya mtu babu anapewa uji wa msaada Dar, kijiji kizima kinajua. Walichanga ng'ombe mmoja kuja kumtibu bibi yake, sasa wanauliza hela imeenda wapi.

Mengine yalikuja haraka haraka. Mama wa chapati na mama wa maandazi pale jirani wakasusa kuongea na Mama T, sababu mtu akishapata uji wa bure saa moja hanunui tena kitu mpaka saa tano. Kwenye kikundi chake cha VICOBA wakasema ana milioni za wazungu na bado anakopa. Mwenye nyumba akamkumbusha kodi ya miezi sita kwa mpigo. Siku ya sita msongamano ukaziba njia ya gari la wagonjwa, mgambo wakaja, na mgambo wakija hawachagui, wakasafisha upande mzima, hadi kijana wa kuchaji simu na kibanda chake.

Siku ya nane Mama T hakuja. Simu imezimwa. Sisi tukaendelea kugawa siku mbili zaidi bila yeye, na hilo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu, tulikuwa na fulana zetu, tunagawa uji wa mama ambaye hayupo.

## Maamuzi yetu na kwa nini tuliyafanya

Kupost bila kuuliza. Sababu niliyojipa ni sapraizi. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa atakataa, na picha ilikuwa nzuri mno. Sitaipamba.

Hela kupitia namba yangu. Hapa nia ilikuwa safi, sikutaka kumtwisha mzigo wa makato na maswali. Lakini matokeo yake ni kwamba hela iliyokusanywa kwa sura yake haikuwahi kuwa mikononi mwake, na maneno ya mtaani yote akayabeba yeye.

Bure kwa wote. Hili tulibishana usiku mzima kwenye kundi. Wengine walitaka tuwaandikishe wahitaji, tukasema hapana, kumwandikisha mtu ni kumdhalilisha, tufungue kwa kila mtu. Kimaneno tulikuwa sahihi kabisa. Hatukujua kwamba foleni yenye kamera ni uandikishaji tosha.

Vikombe vya kutupa. Huu ulikuwa uamuzi wa dakika mbili, dada mmoja alisema usafi, kipindupindu, wote tukagonga dole gumba. Na nikitazama nyuma naona ndo uliokuwa mbaya kuliko yote, mbaya kuliko hata picha. Nitarudi hapo.

Fulana sina utetezi.

## Baada ya hapo

Nilimpata wiki ya mwisho ya Februari, nyumbani kwake, kwa kuelekezwa na kijana wa kuchaji simu. Nilibeba sukari kilo mbili, nikaona naingia kama ninaenda kuposa. Akanikaribisha, akanipa kigoda, akaendelea kuchambua mchele. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliniambia hivi, nimeandika siku ileile nisisahau: "Mimi pale nilikuwa nauza uji. Mkanifanya natoa sadaka. Mtu akija kununua uji anakuja na uso wake. Akija kuchukua sadaka anauacha nyumbani."

Nikamuomba msamaha. Akasema yameisha, ila zile picha ziondoke. Nilikuwa nimeshafuta zangu, ila za yule mwenye akaunti kubwa zilichukua siku nne na maombi mengi, na kwenye magrupu ya WhatsApp huko nani anajua, zinazunguka mpaka leo.

Zilikuwa zimebaki 610,000. Nikamwambia ni zako. Akakataa kuzipokea zote. Alichukua za kulipa deni la mkaa na kodi ya mwezi mmoja, akasema hizo ni fidia ya siku nilizokaa ndani, nyingine rudisheni. Kurudisha kwa watu mia tatu na kitu haikuwezekana, tukakubaliana tuwaandikie wote ukweli wa kilichotokea, anayetaka chake aseme. Waliosema ni wanne. Iliyobaki tuliipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali itumike kama nauli za wanaoruhusiwa na hawana cha kurudia kwao, na hicho, japo kilikuja kwa bahati, ndo kitu pekee cha maana tulichofanya. Mtu anapewa tiketi ya basi ndani ya ofisi, mlango umefungwa, basi.

Halafu nikaja na akili nyingine, maana sikomi. Nikamwambia Mama T tuweke kopo la vifuniko vya soda, mtu mwenye nacho akinunua uji analipia na kingine anaweka kifuniko, asiye nacho anachukua kifuniko analipia nacho. Niliona nimegundua dunia. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Na mtu akiinama kwenye hilo kopo, mwanangu, hawamuoni?"

Alirudi getini katikati ya Machi, Ramadhani imeanza, kwa upande mwingine wa barabara na jioni tu, uji wa futari. Baada ya Idi akarudisha na asubuhi. Mabeseni mawili, vikombe vya plastiki. Mama wa chapati alichukua muda zaidi kuongea naye, na mimi alichukua muda zaidi ya huo.

## Uchambuzi: kilichokuwa kinafanya kazi

Tulidhani tumekuta huruma isiyo na mtaji, tukaleta mtaji. Kumbe tulikuwa tumekuta mfumo uliokamilika, unajilipa wenyewe, una njia ya kumjua mlengwa, na una namna ya kulinda uso wa mtu. Ulikuwa hauna jina tu.

Angalia ile "nionjee". Anayepewa anaanza kwa kutoa kitu, maoni yake. Siku mbili ni mgeni, siku ya tatu anashika beseni, na kuanzia hapo haitwi msaada, wanasaidiana. Mzee wa Kigoma alikuwa na hadhi pale getini, alikuwa ndo anayejua uji wa leo ukoje. Sisi tukaleta vikombe vya kutupa. Beseni likakosa kazi, mzee akakosa kazi, akabaki na kitu kimoja tu cha kufanya pale ambacho ni kupokea. Hatukuona tumeondoa chochote, tuliona tumeleta usafi.

Kingine ni ukubwa. Vikombe saba kwa siku vinatosha kumjua kila mtu kwa sura. Vikombe 250 huwezi kumjua mtu, unaangalia foleni. Na hesabu ya kikombe cha kumi ilikuwa inamlinda na yeye pia, hakuna siku angefilisika kwa huruma, hata sukari ilipopaa yeye alijua wapi pa kukaza.

## Kilichofeli

Kuna utafiti mmoja naupenda, wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliuchapisha mwaka 2000. Walifuatilia vituo kumi vya kulelea watoto huko Haifa, Israel, wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto, sita kati ya vituo hivyo vikaweka faini kwa anayechelewa. Wazazi wakazidi kuchelewa. Mwanzo mzazi alikuwa anamuonea haya mwalimu, faini ilipokuja haya ikaisha, ikawa ni huduma ameilipia. Na walipoiondoa faini wazazi hawakurudi kama zamani. Hicho cha mwisho ndo kilinitisha. Pale getini pia kabla yetu kulikuwa na haya, jamaa mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni asingethubutu kunywa uji wa Mama T bila kulipa. Tulipoweka bango la bure haya ikaondoka, na Mama T aliporudi kuna watu walimfata wakidai ule uji wa bure uko wapi, mmoja akamwambia "hela si unazo". Hiyo ilichukua mwezi mzima kuisha.

Kuhusu picha sina haja ya falsafa ndefu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na hata kama isingekuwepo mtu ana haki ya kuulizwa kabla sura yake haijapelekwa Muscat. Na tuna vitabu vyetu. Mathayo 6 inasema mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume, Baqara aya ya 271 inasema ukidhihirisha sadaka ni vizuri, ukiificha ukawapa mafukara ni bora kwako. Kwenye Timu Uji kulikuwa na mlokole mmoja na ustadhi mmoja, wote wamevaa fulana.

Watu wananibishia, wanasema kama hakuna kuonyesha mema watu watajifunza wapi? Swali la haki. Mimi mwenyewe nilihamasika kwa kuona. Lakini nilihamasika kwa kusimama pale asubuhi nane nikingoja uji, sio kwa picha. Na yule aliyeandika mama yake alilala hapo nje 2016 hakuguswa na picha yangu, aliguswa na kumbukumbu yake. Nadhani unaweza kusimulia jambo bila kumuuza mtu, ndo hiki ninachojaribu hapa, na hata hapa sina uhakika kama nimefaulu maana Mama T ameniambia "umeandika sana".

Kosa la uongozi kwenye kundi letu lilikuwa moja. Watu 23, hakuna hata mmoja aliyewahi kulala pale nje. Kama tungekuwa na mtu mmoja tu aliyeuguza akiwa hana hela, vile vikombe vya karatasi angevikataa palepale. Yule dada wa usafi alikuwa na hoja, kipindupindu kipo kweli, ila dawa yake ilikuwa ndoo ya maji ya moto na sabuni ya kutosha.

Na "haya mwanangu". Kwetu mtu mzima akikubali haraka hivyo, baada ya ukimya ule, ujue amekataa ila anakuheshimu. Mtoto wa Kiswahili mimi, nililijua hilo, nikaamua kutolijua.

## Mpaka Aprili

Mke wa mzee aliruhusiwa mwishoni mwa Februari, wakaondoka kimya kimya, sikuagana nao. Wiki ya pili baada ya Idi kijana wa kuchaji simu akapigiwa na mtu wa basi, kuna mzigo wako stendi ya Mbezi. Mzigo wake? Hana mtu Kigoma. Juu ya kiroba pameandikwa kwa kalamu namba yake ya simu, na chini yake MAMA UJI GETINI. Mzee alikuwa ameichukua namba siku aliyochajishiwa simu.

Nikatumwa mimi kwenda kuufata maana nina gari. Ni dagaa. Wale wa Kigoma kabisa, wadogo wakavu, gari ilinuka wiki nzima.

Mama T akakifungulia palepale kwenye kigoda, akawa anapima kwa kikombe cha uji. Kimoja cha mama wa chapati, kimoja cha mama wa maandazi, viwili vya mlinzi ana familia kubwa, kimoja cha kijana, mwingine anakuja anachotewa, hakuna aliyeulizwa chochote na hakuna aliyeambiwa vimetoka kwa nani. Nikasogea na mfuko wangu.

Akanitazama juu mpaka chini, akanyooshea kidole yale mabeseni.

"Osha kwanza vikombe."